UWEZO WA KUNGOJA: MZALISHAJI MDOGO NA KAMPUNI KUBWA KATIKA HISTORIA YA DELTA YA RUFIJI

Kila mwaka makada wanaotoka vijijini huleta darasani swali moja: je, mzalishaji mdogo anaweza kushindana na kampuni kubwa, au historia imekwisha kuamua kwamba lazima amezwe? Wapo wanaojibu upesi kwamba anaweza, mradi afanye kazi kwa bidii na kuuza kwa bei nafuu. Wapo pia wanaojibu, upesi vile vile, kwamba hawezi, kwa kuwa ni kanuni ya ubepari kwamba mtaji mkubwa humeza mtaji mdogo. Majibu yote mawili yana kasoro moja. Hayachunguzi ni kwa njia gani hasa, hatua kwa hatua, mkubwa humshinda mdogo. Anayesema bidii inatosha hajapata kumwona mvuvi anayetoka alfajiri na kurudi jioni, miaka ishirini, bila ya kuwa na mtumbwi wake mwenyewe. Anayesema vita vimekwisha naye hana la kumwambia mvuvi huyo isipokuwa avumilie.

Makala haya yanalichunguza swali hilo katika mahali pamoja, yaani delta ya Mto Rufiji: visiwa, vijito na mikoko ya kata kama Kiongoroni, Salale, Msala, Maparoni na Mbuchi, katika Wilaya ya Kibiti, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Rufiji. Tumepachagua hapo kwa sababu wakazi wake, ambao wengi ni wavuvi na wakulima wadogo, wamekutana na karibu kila aina ya mfanyabiashara mkubwa ambaye pwani yetu imepata kumwona. Walikuja manahodha wa majahazi ya Ghuba. Ikaja serikali ya kikoloni ikiuza msitu. Zikaja meli za kukokota nyavu. Mwishowe ikaja kampuni iliyotaka kuigeuza delta yenyewe kuwa mabwawa. Tukiyafuatilia makutano hayo tunaona kwamba silaha kuu ya mkubwa haikuwa mashine yake wala hata fedha yake kwa kuwa ni fedha. Silaha yake ni kwamba yeye anaweza kungoja, na mwenzake hawezi.

BORITI NA PEPO MBILI

Delta ya Rufiji ndiyo yenye msitu mkubwa kuliko yote wa mikoko katika Afrika Mashariki, yapata hekta 50,000. Mikoko, misinzi na mikandaa yake ilijenga miji ya pwani. Anayeingia katika nyumba ya mawe ya zamani pale Unguja au Lamu huona vyumba virefu lakini vyembamba. Upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti, kwa sababu dari haikuweza kupita pale mti ulipokomea. Boriti hizo, zikihesabiwa kwa korja, yaani ishirini ishirini, zilisafirishwa pia mpaka Oman, Bahrain na Kuwait, nchi ambazo hazina miti ya kujengea.

Biashara hiyo ilifuata pepo. Majahazi yalishuka na kaskazi, yakakaa pwani, kisha yakarudi na kusi. Nahodha aliyechelewa alihatarisha chombo na shehena. Mwaka 1939 baharia na mwandishi Alan Villiers wa Australia alifika katika delta ndani ya jahazi la Kuwait lililokuja kupakia boriti, na aliyoyaona aliyaandika. Maelezo yake yana jambo moja linalotuhusu sana. Mabaharia walikuwa na madeni kwa nahodha wao, na manahodha walikuwa na madeni kwa matajiri wa Kuwait waliobaki nyumbani. Deni lilifuatana na chombo tangu kinang'oa nanga mpaka kinarudi.

Sasa mwanafunzi wa historia ajiulize: katika majadiliano ya bei kati ya nahodha na mkata boriti wa delta, ni nani aliyekuwa na haraka? Kwa kutazama pepo tu, mwenye haraka alikuwa nahodha. Mti uliokatwa hauozi kwa wiki moja. Kusi, kwa upande wake, haimsubiri mtu. Mkataji angekaa juu ya boriti zake mpaka upepo ugeuke, bei ingempandia yeye. Lakini mkataji anayekula mchele wa mkopo na kuvaa kaniki ya mkopo amekwisha kuzila boriti zake kabla hajazikata. Hawezi kuketi juu yake hata siku moja. Kwa hiyo yule ambaye maumbile yalimpa nguvu alinyang'anywa nguvu hiyo na deni, na wala halikuhitajika jeshi kufanya hivyo.

Wakoloni walikamilisha kazi kwa njia nyingine. Wajerumani waliiweka mikoko chini ya serikali, na delta ya Rufiji ikawa miongoni mwa mahali pa kwanza kabisa ambapo idara yao ya misitu ilianza kazi katika koloni. Waingereza wakafuata na kuitangaza kuwa misitu ya hifadhi. Mtu ambaye babu yake alikata mti bila ya kuuliza akawa sasa anahitaji kibali, na asipokuwa nacho ni mwizi. Wakati huo huo, upande wa bara wa wilaya hiyo hiyo, watu walilazimishwa kulima pamba katika mashamba ya pamoja kwa ujira usiofaa hata kutajwa. Tunafahamu matokeo yake: Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro mwezi Agosti 1905, na Vita vya Maji Maji vikaenea kusini yote. Kwa kawaida tunafundisha kwamba watu waliasi kwa sababu ya viboko na kodi, na hiyo ni kweli. Iongezwe kwamba pamba ya kulazimishwa iliwanyang'anya siku za kulima chakula chao, na mkulima asiye na chakula ghalani lazima apokee ujira wowote anaotajiwa.

Biashara ya boriti za Ghuba haikuuawa na sheria yoyote. Mafuta yalipowatajirisha watu wa kule, wakaanza kujenga kwa saruji na chuma, na majahazi yakapungua. Mwaka 1987 Serikali yetu ilipiga marufuku ukataji wa mikoko nchini kote ili kuunusuru msitu, na baadaye ikauruhusu kwa vibali na kwa maeneo. Kufikia hapo soko kubwa la ng'ambo lilikuwa limekwisha kufifia. Waliotegemea mnunuzi mmoja tu hawakuwa na pa kukimbilia, isipokuwa kwenye maji na kwenye mashamba ya mpunga.

MIZANI YA USUKUMA

Kabla ya kwenda kwenye maji hayo inafaa tutoke Rufiji kwa muda, kwa sababu ushindi mkubwa wa wadogo katika historia ya nchi yetu ulipatikana mbali na pwani, na haukuanza vile watu wengi wanavyodhani.

Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianzisha chama chao mwaka 1925, na baada ya sheria ya ushirika ya 1932 kikazaliwa KNCU mwaka 1933. Hayo yanajulikana. Ya wakulima wa pamba wa Usukuma yanajulikana kidogo kuliko yanavyostahili. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 pamba yao ilinunuliwa na wenye vinu vya kuchambulia na mawakala wao. Mkulima alifika na mzigo, mnunuzi akapima, mnunuzi akasoma mizani, mnunuzi akataja kilichoandikwa. Wakulima hawakuanza kwa kudai kinu. Walianza kwa kuweka mtu wao kando ya mizani, kijana anayejua kusoma tarakimu, apime upya. Kutokana na mwanzo huo mdogo, chini ya uongozi wa Paul Bomani na wenzake, vikakua vyama vya msingi, na mwaka 1955 ukaundwa Muungano wa Vyama vya Ushirika vya Victoria. Haikupita miaka mitano ununuzi wote wa pamba ya kanda ile ukawa mikononi mwa wakulima wenyewe, na muungano huo ukawa miongoni mwa mikubwa kabisa barani Afrika.

Tuone walichokipata hatua kwa hatua. Mizani iliwapa ukweli wa uzito. Ukweli wa uzito uliwapa pesa kidogo zaidi, na pesa hiyo, ilipokusanywa, ikawapa ghala. Ghala ndilo lililowapa uwezo wa kumwambia mnunuzi: kama bei yako ni hiyo, leo hatuuzi. Hayo ndiyo maneno ambayo mdogo mmoja mmoja hawezi kuyatamka, maana jioni kuna watoto wa kulishwa.

Hata huko Uingereza, ambako ubepari wa viwanda ulizaliwa, tunaona jambo hilo hilo. Mwaka 1844 wafanyakazi 28 wa mji wa Rochdale walifungua duka lao la kuuza unga, siagi, sukari na mishumaa. Watu hukumbuka gawio walilowapa wanachama. Kwangu mimi la maana zaidi ni kanuni yao ya kutouza kwa mkopo. Ilikuwa kanuni ngumu kwa maskini, lakini walijua kwamba mfanyakazi mwenye deni kwa mwenye duka ni mtumwa wa mwenye duka, na mfanyakazi wa namna hiyo hata mgomo hawezi kugoma.

Hapana budi pia tuseme yaliyofuata hapa kwetu, kwa kuwa Chama kisichojikosoa hakifundishi. Muungano ulipokua, ukapata viongozi waliokula, na Kamati ya Rais ya 1966 iliyochunguza vyama vya ushirika ilikuta wizi na upendeleo mwingi. Hayo yalihitaji dawa. Dawa tuliyoitoa mwaka 1976 ilikuwa kuvunja vyama vikuu vyote vya ushirika na kazi yao kuipeleka kwa mamlaka za mazao. Mwaka huo huo Operesheni Maduka ilifunga maduka ya watu binafsi vijijini kabla ya maduka ya ushirika kuwa tayari, na ikabidi isimamishwe. Mkulima akabaki na mnunuzi mmoja tu, ambaye kwa jina alikuwa wake, lakini mizani haikuwa yake wala ghala halikuwa lake, na malipo yakaja mnunuzi anapopenda. Sheria ya 1982 ilirudisha ushirika, lakini kilichovunjwa kwa siku moja hujengwa kwa kizazi kizima. Nadhani hatujamaliza kulipa. Shirika la umma linalomchelewesha mkulima malipo yake miezi sita linamnyang'anya uwezo wa kungoja sawasawa na lilivyofanya lile jahazi, na kijijini hakuna anayejali limeandikwa nini ubaoni.

KOROSHO HUNGOJA, KAMBAMITI HANGOJI

Turudi Rufiji na Kibiti. Katika wilaya hizi kuna aina mbili za wazalishaji wadogo wanaoishi mwendo wa siku moja mmoja kutoka kwa mwingine, na hali zao katika soko ni tofauti kabisa. Juu, kwenye ardhi kavu, yuko mkulima wa korosho. Chini, kwenye vijito, yuko mvuvi wa kambamiti.

Korosho iliyokaushwa vizuri hukaa ghalani miezi. Kwa ajili hiyo ndiyo iliwezekana kutunga Sheria ya Stakabadhi za Maghala ya 2005, na kuanzia msimu wa 2007 kuuza korosho kwa mnada kupitia vyama vya msingi. Adui mkubwa wa utaratibu huo ana jina linalojulikana kusini yote: kangomba. Mwenye fedha humkopesha mkulima wakati wa njaa, kabla ya mavuno, na kulipwa kwa korosho kwa kipimo chake mwenyewe. Kangomba hununua ile haraka ya mkulima. Akiisha kuinunua, mnada hauna maana kwa mkulima huyo, kwa kuwa korosho zinazoletwa mnadani si zake tena. Mwezi Oktoba 2018 wakulima wa Tandahimba na Newala walikataa hadharani bei iliyotajwa na wanunuzi mnadani. Mwezi uliofuata Serikali ikaamua kuzinunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Malipo yaliwachelewa wengi, na ubaya huo tumekwisha kuueleza. Hata hivyo tusisahau kilichotangulia: wakulima wadogo, mbele ya wanunuzi wakubwa, walisema hapana na wakarudi nyumbani korosho zao zikiwa ghalani. Babu zao wasingeweza.

Mvuvi wa kambamiti hana siku ya kusema hapana. Katika joto la delta, kamba aliyevuliwa asubuhi na kukosa barafu hafai kwa mnunuzi wa bei nzuri kufikia alasiri. Barafu haitoki kijijini. Hutoka mjini, na huletwa na yule yule anayekuja kununua. Kwa hiyo mwenye sanduku la barafu ndiye mwenye bei. Mara nyingi ndiye pia aliyetoa nyavu, au mashine ya mtumbwi, au fedha za matanga wakati wa msiba, kwa sharti kwamba samaki wote wapitie kwake. Wavuvi humwita tajiri, na humwita hivyo kwa heshima, kwa sababu ndiye mtu pekee anayekuja wakati wa shida. Kada anayefika kijijini na kumtukana tajiri kabla ya kujibu nani atakopesha siku ya msiba atasikilizwa kwa adabu, kisha ataachwa aende zake.

Kampuni kubwa haihitaji hata kufika Kiongoroni. Inamhitaji tajiri mmoja katika kila kijito, na tajiri naye anaihitaji fedha ya kampuni ili akopeshe. Mnyororo wa deni ambao Villiers aliuona mwaka 1939 umebadili mzigo tu. Tena si Rufiji peke yake. Kule Ziwa Victoria viwanda vya minofu ya sangara vilijengwa juu ya mawakala wanaotoa nyavu kwa mkopo, na soko la Ulaya lilipofungwa mwishoni mwa miaka ya 1990 hasara ilishuka ngazi kwa ngazi mpaka ikamfikia mwenye mtumbwi, ambaye hakuwa na wa kumshushia. Kule Unguja, tangu kilimo cha mwani kilipoanza mwaka 1989, wanawake wengi walipewa kamba na vigingi na kampuni zinazonunua mwani. Anayetoa kamba ndiye aliyetaja bei.

Zamani mvuvi wa pwani alikuwa na njia yake ya kungoja. Alipasua samaki akamtia chumvi na kumwanika akawa ng'onda. Wanawake walikausha uduvi na kamba wadogo juani. Kitu kikavu hupata bei ndogo kuliko kibichi cha hoteli, lakini hukaa. Huweza kwenda Kariakoo wiki ijayo badala ya leo. Wataalamu wetu wengi wameidharau kazi hiyo kuwa ni ya kizamani. Mimi naiona kuwa ndiyo ghala la mvuvi, na kikundi cha wanawake chenye vichanja safi, chumvi ya kutosha na turubai la kufunikia wakati wa mvua kinaweza kumpa mvuvi nguvu ya kujadiliana ambayo hotuba kumi haziwezi kumpa. Si lazima kamba wote wakaushwe. Inatosha mnunuzi ajue kwamba wanaweza kukaushwa.

KAMPUNI ILIYOTAKA DELTA

Katika miaka ya 1990, baada ya milango ya uchumi kufunguliwa, ilifika katika delta kampuni ambayo haikuja kununua kamba wa wavuvi. Ilikuja kuwafuga wa kwake. African Fishing Company iliomba karibu hekta 19,000 kwa ajili ya mabwawa na mitambo yake, mradi uliotajwa kuwa wa karibu dola milioni 200 za Kimarekani. Ungalikuwa miongoni mwa miradi mikubwa ya aina yake duniani.

Hoja ya waliouunga mkono ilikuwa nzito na haifai kudharauliwa: nchi ilihitaji fedha za kigeni, na vijana wa Rufiji walihitaji kazi. Hoja ya waliopinga ilianza na maumbile ya kamba mwenyewe. Kamba huzaliana baharini. Watoto wake huingia katika vijito vya mikoko, hukua humo kwenye matope na mizizi, kisha hutoka tena baharini. Msitu wa mikoko ni chumba cha kulelea cha kamba wote wa pwani ile. Kuufyeka msitu ili kufuga kamba ni sawa na kuvunja jiko ili upate kuni. Tena kulikuwa na ushahidi wa nchi nyingine. Huko Taiwan ufugaji uliokua kwa kasi uliporomoka kwa maradhi mwishoni mwa miaka ya 1980. Huko Thailand mabwawa mengi yaliachwa baada ya miaka michache ya mavuno. Ecuador nayo, ambayo ilikuwa imefyeka mikoko mingi, ilipigwa na ugonjwa wa madoa meupe mwaka 1999.

Baraza la Taifa la Hifadhi ya Mazingira lilishauri mradi usikubaliwe. Mwishoni mwa 1997 Serikali iliuidhinisha hata hivyo. Wakazi wa delta wakaenda Mahakama Kuu, wakisaidiwa na wanasheria wa mazingira, na waandishi wa habari wa mazingira wakaifanya habari hiyo ijulikane nchini na nje ya nchi. Miaka ikapita. Mradi haukutekelezwa. Mabwawa hayakuchimbwa, na mikoko ipo.

Hatudai kwamba mvuvi peke yake ndiye aliyeuzuia. Lakini tuangalie nani alikuwa na haraka safari hii. Mradi wa namna ile huanza kula fedha kabla ya kuvuna kamba mmoja: wataalamu, ofisi, safari, riba. Kila mwezi wa kesi ni mwezi wa gharama bila mapato. Mvuvi, katika miezi hiyo hiyo, alitoka na maji yakipwa na kurudi na maji yakijaa kama kawaida yake. Alikuwa na mpunga wake, minazi yake michache, pengine mikorosho ya ndugu yake kule juu. Gharama yake ya kungoja ilikuwa ndogo mno. Hapa ndipo udogo wenyewe uligeuka kuwa nguvu. Wanafunzi wetu hupenda kuieleza hali ya mtu wa delta, anayevua, kulima na kukata fito kwa zamu, kuwa ni dalili ya uchumi duni usiogawa kazi. Ni kweli kwamba uchumi huo hautajirishi. Lakini mtu mwenye miguu mitatu haangushwi kwa kukatwa mguu mmoja, na kampuni yenye zao moja, mkopo mmoja na soko moja huangushwa.

Meli za kukokota nyavu nazo zina historia inayofanana. Kwa miaka mingi zilivua kambamiti mbele ya midomo ya delta, zikilalamikiwa na wavuvi kwa kuharibu nyavu zao na kumwaga samaki wadogo waliokufa. Kuanzia mwaka 2008 uvuvi wa meli hizo ulisimamishwa kwa sababu kamba walikuwa wamepungua mno. Mtaji ukaondoka na injini zake. Mwenye mtumbwi hakuwa na pa kwenda, akabaki na bahari iliyochoka, na bado anaivua. Iwapo kubaki huko kuitwe ushindi, sina hakika. Aliyebaki ndiye anayejua kila kijito kina kina gani na kamba hutoka mwezi gani, na ujuzi huo hauna bei yoyote mpaka awe na barafu.

KAZI ILIYOPO

Kwa hiyo kada anayepelekwa delta aanze na maswali madogo. Sanduku la barafu ni la nani? Mizani ni ya nani, na nani anaisoma? Anayehitaji nyavu leo anakopa wapi, na analipa kwa fedha au kwa samaki? Vikundi vya kuweka na kukopa, vile ambavyo wanawake wengi wa pwani wamekwisha kuvianzisha wenyewe kwa hisa za shilingi chache, vina maana kubwa kuliko ukubwa wa fedha zake, kwa sababu mkopo wa msiba unaolipwa kwa fedha hauwezi kudai kamba. Chama cha ushirika cha wavuvi kianze na mambo hayo, sanduku lake na mizani yake pale wanaposhukia wavuvi, kama Nyamisati, ambako delta hukutana na barabara. Kikianza kwa kuomba meli, kitapata meli na mkopo wa meli, na tajiri mwingine.

Lakini chini ya hayo yote kuna suala la ardhi. Uwezo wa kungoja ambao ulimwokoa mtu wa delta mwaka 1997 ulitokana na kuwa mahali pake, na shamba lake na kijito chake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 iliipa halmashauri ya kijiji mamlaka ya kusimamia ardhi ya kijiji, na kijiji kinaweza kupewa cheti chake. Mikoko, kwa upande wake, ni msitu wa hifadhi wa Serikali, kama ilivyokuwa wakati wa Waingereza. Mpaka wa ardhi ambayo kijiji cha delta kinaweza kuisemea huishia pale miti inapoanza kusimama ndani ya maji, na kamba huanza pale pale.